Mwisho wa Kitabu ya Nekesa

Mwende, mwaitu, mama yangu,

Sio wewe ulipoteza zile karatasi za rafiki yako Nekesa. Ni mimi nilizitoa kwa mkono wangu, nikajua nimezitoa, halafu nikasema ni wewe. Nimeanza na hiyo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, nitaanza kukuuliza kama umefunga begi vizuri, na kutakucha sijasema.

Wewe umelala. Mama yako pia amelala, amechoka na kukunja nguo. Mambo ya kuchemsha maji, ya kutuma meseji ukifika Mutomo, ya kutokopesha walimu wenzako, hayo yote amekuambia na akarudia, mimi sitaongeza. Nimekaa hapa kwa meza, redio nimezima. Nilidhani mtu akiandika kitu kama hii atasikia moyo ukienda mbio. Sisikii kitu. Ni kama ile siku waling'oa jino langu, nikawa naguza shavu na ni kama naguza ya mtu mwingine.

Ningekuambia kwa mdomo. Jana nilikaa na wewe hapo nje ukifua viatu, nikafungua mdomo, nikakuuliza kama unataka chai. Ukasema umekunywa. Basi ikaisha hivyo.

Kitu imenifanya nishike kalamu ni maneno uliongea Jumapili. Ulikuwa unamwambia mama yako vile hedimasta amepiga simu, ati shule imeletewa vitabu za hadithi, za watoto wa darasa la nne mpaka la saba, katoni zimefika dari, na wewe mwalimu mgeni ndio utapewa hiyo stoo. Mama yako akafurahi. Wewe hukufurahi. Ukasema, "Nitazifungia kwa kabati. Mtoto akitaka kusoma atasomea hapo mbele yangu, arudishe nikiona." Mama yako akakuuliza kama kuna mtoto atapenda kusoma akichungwa hivyo. Ukamwambia, "Mama, si unanijua. Vitu za watu zinanipoteanga."

Nilikuwa kwa mlango navaa kiatu. Hujawahi kupoteza kitu ya mtu, Mwende. Hata kifuniko ya kalamu. Hiyo kitu unajisema, ulifundishwa na mimi, pale soko ya Toi kwa kibanda yangu ya vitabu, siku moja, na umeibeba mpaka sasa unaenda nayo kufungia watoto wa watu vitabu kwa kabati.

Halafu ukanigeukia. Ukaniuliza, "Baba, na wewe unajuanga aje kitabu gani inafaa mtoto gani?" Nikacheka. Nikasema ni uzoefu, nikatoka. Ngoja leo nikujibu vizuri.

Pale Toi wananiita Mwalimu. Wewe unajua mimi sijawahi kuwa mwalimu, lakini kuna kitu hujui. Kwa miaka mingi sikuwa nimesoma hata kitabu moja ya hadithi mpaka mwisho. Niliacha shule Form Two. Nilitoka Machakos nikaja hapa mjini kazi ya mjengo, kubeba mawe, mgongo ikakataa, mtu akanipa nafasi ya kibanda na bale ya vitabu yenye alikuwa ameshindwa kuuza. Za revision zilienda. Mzazi wa Toi akiona revision anatoa pesa, kwa sababu mtoto ana mtihani. Za hadithi zilibaki. Kizungu yake ilikuwa nzito kwangu, nilikuwa nasoma ukurasa ya kwanza, ya pili nachoka. Kwa hivyo nilikuwa naazimia watoto, nachagua kwa kuangalia kava. Yenye iko na mpira napea kijana. Yenye iko na msichana ako na rinda napea msichana. Yenye iko na farasi nilikuwa napea mtoto mnyamavu, hata sijui kwa nini.

Unakumbuka kale kasichana ka fundi wa viatu, kenye kalikuwa kanaongea kama mama mzima? Nilimpatia kitabu ya mpira ampelekee kaka yake, akaisoma yeye. Akarudi nayo ameishika kwa pembe kama samaki. Akaniambia, "Mwalimu, hii mpira iko tu kwa kava. Ndani watu wanazikana."

Nikamuuliza sasa nimpe nani. Nilikuwa namchezea. Yeye akakaa kwa gunia akafikiria kabisa. Akasema, "Mpee mtu amefiwa. Ama mtu anapenda kulia, kama Mama Brayo."

Mama Brayo wa njugu alikuwa hapo karibu akasikia, akamwambia atamrushia mwiko. Tulicheka. Lakini kuna kijana wa mtaa wa Soweto West alikuwa amezika babake mwezi uliopita, na alikuwa anakujanga kuangalia vitabu bila kuguza. Nikampatia hiyo. Nikamwambia vile vile niliambiwa na huyo mtoto, kama ni mimi nimesoma. Alikaa nayo, akairudisha, akasema tu, "Hiyo ilikuwa poa." Akachukua ingine.

Hiyo ndio uzoefu yangu yote, mwaitu. Mtoto akirudisha kitabu nilikuwa namuuliza ndani kuna nini, na nimpe nani. Yeye anasema, mimi nashika, nampelekea mwingine. Watu wakadhani nimesoma duka yote. Nikawaacha wadhani.

Ukifika huko, fanya hiyo, lakini usijifanye. Sema, "Huyu ndiye alinisimulia." Mtoto wa miaka kumi anaamini mtoto wa miaka kumi na moja kuliko mtu mzima yeyote. Na wakirudisha kabla hawajamaliza usiwaulize kwa nini. Uliza walifikia wapi. Kuna mtoto aliniambia alifikia mahali nyoka anaingia kwa nyumba akafunga, na kwa hiyo jibu nikajua ni kitabu gani nisimpe tena, na ni gani nimpe dada yake.

Sasa kuja kwa wembe.

Vitabu hazikuwa zinarudi. Mtoto anachukua anaenda nayo Soweto, binamu anaichukua, binamu anaenda nayo ushago, kijijini, na imeenda. Nikafikiria. Nikaanza kukata sura ya mwisho ya kila kitabu na wembe, naifunga na rababendi, naweka kwa katoni chini ya meza. Mtoto akitaka kujua vile iliisha, lazima alete kitabu. Analeta, nashika kitabu kwa mkono huu, nampa mwisho kwa mkono huu, anasomea hapo amesimama. Fundi wa redio jirani yangu aliniambia mimi ni mjanja sana na ningekuwa na duka town. Nikaamini.

Na ilifanya kazi. Walikuwa wanakuja mbio. Lakini walikuwa wanakuja wamekasirika kidogo, hiyo nimekuja kuona sasa. Na miisho zilikuwa zinachanganyika, kwa sababu kwa karatasi za ndani mara nyingi hakuna jina la kitabu. Wewe ulikuwepo siku ile kijana alisoma akafika katikati akainua uso.

"Mwalimu, huyu mbwa ametoka wapi?"

Nikamwambia asome tu.

"Hakukuwa na mbwa, Mwalimu. Na huyu msichana ni nani? Sisi tulikuwa kwa meli."

Ulicheka mpaka ukashikilia nguzo ya kibanda. Wewe na Nekesa, mmoja huku mmoja huku. Mlikuwa mnatoka shule mnakuja mnakalia gunia moja, mnasoma kitabu moja, yeye anasoma polepole na wewe unamngoja afike chini ndio ugeuze. Halafu jioni yeye anashuka Soweto kwa nyanyake, mimi na wewe tunatembea mpaka nyumbani Kabiro, na njia yote unanisimulia. Mimi nilikuwa nasikiza nusu, lakini hiyo nusu ndio nilikuwa nauzia watu kesho yake.

Mama Nekesa unamkumbuka akiuza mboga ya sukuma mstari wa nyuma, na kile kicheko yake. Wakati alienda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba, mlikuwa darasa la tano. Alimwacha mtoto na nyanya, akasema ni miaka miwili. Nekesa hakuwa analia. Alikuwa anauliza tu maswali mingi kuliko kawaida.

Siku moja alikuja bila wewe, ulikuwa na homa. Akasimama pale mbele, akaniambia, "Mwalimu, uko na kitabu ya mtu anangoja?"

Hakuna mtoto alikuwa ameniuliza hivyo. Wanaulizanga ya kuchekesha, ya mashetani, ya wanyama. Nikaangalia kava. Kulikuwa na moja ya kijani, msichana amekaa juu ya geti anaangalia barabara. Hakuna mtoto alikuwa ameirudisha akanisimulia, ilikuwa imetoka kwa bale juzi, nimeikata tu na wembe. Nikampa. Akasoma nyuma pale imeandikwa kidogo, midomo ikitingika.

"Mama yake ameenda," akasema. Halafu, "Anarudi?"

Nilipaswa kusema sijui. Ni neno moja. Nikasema, "Anarudi. Soma tu."

Hiyo wiki ikanyesha. Mama Brayo akaja amefunika kichwa na sahani, karatasi zake za kufungia njugu zimeloa zote. Akaniomba za kumalizia siku. Magazeti ya zamani nilikuwa nayo, lakini zilikuwa chini kabisa, ningehamisha katoni mbili tatu. Sikutaka kuinama. Nikaingiza mkono kwa katoni ya miisho, nikatoa fungu yenye ilikuwa juu, nikampa. Nilijua ni mwisho ya kitabu ya mtu. Sikuangalia ya nani. Akanipa njugu, nikakula. Zilikuwa na chumvi nzuri. Nakumbuka hiyo chumvi.

Ijumaa Nekesa akaja mbio, na wewe nyuma yake umepona. Kulikuwa na watu. Fundi wa redio alikuwepo, wamama wawili wa revision, Mama Brayo na sinia yake, na watoto. Nekesa akaweka kitabu ya kijani juu ya meza akaniangalia, anahema. Nikainama kwa katoni. Kila sura ya hiyo kitabu ilikuwa na kapicha kadogo ka geti pale juu, kwa hivyo ni rahisi kutafuta. Hakukuwa na geti kwa katoni. Nikainua kichwa, na kwa sinia ya Mama Brayo nikaona geti. Ilikuwa imekunjwa, njugu ndani, lakini ilikuwa geti.

Hapo ndio mahali pangu, Mwende. Kama kuna mahali nitaulizwa, ni hapo. Kulikuwa na vifuko kadhaa bado hazijauzwa. Ningesema, "Mama Brayo, lete hizo karatasi," tungekunjua, mtoto angesoma hata kama ni nusu na mafuta juu. Lakini watu walikuwa wanaangalia, na mimi ni Mwalimu, na Mwalimu angeonekana ameuza mwisho ya mtoto kwa njugu.

Nekesa akasema, "Mwalimu, mwisho iko wapi?"

Nikasema, "Ni Mwende anapanganga hizo karatasi. Muulize."

Ukaniangalia. "Baba, mimi sijaguza."

"Ulikuwa unacheza nazo juzi. Wacha uongo."

Juzi ulikuwa kitandani na homa. Hukusema hivyo. Ulipiga magoti ukaanza kutafuta. Ulitoa kila fungu ukarudisha, ukatoa tena. Watu wakaondoka. Watu wakaanza kufunika vibanda na nailoni na bado unatafuta, na mimi napanga vitabu kama niko na kazi. Halafu nikakusikia unamwambia Nekesa, chini chini, "Pole. Labda nilizipoteza."

Hiyo labda. Nimekaa nayo. Mtoto akiambiwa na babake, anaanza kukumbuka kitu yenye haikutendeka.

Na Nekesa akakuambia ile kitu alikuambia. "Ulijua naitaka. Wewe mama yako uko naye." Akasimama upande ule mwingine wa meza, na tangu hapo hamjakaa gunia moja.

Ningeacha hapo ingekuwa afadhali. Nilimwita pembeni. Nikamwambia asijali, mimi nilisoma hiyo kitabu, najua mwisho. Nikamwambia mama anarudi jioni moja na sanduku, na msichana ako juu ya geti ndiye anamuona wa kwanza.

Akaniuliza, "Alimletea nini?"

"Viatu."

"Za rangi gani?"

"Nyekundu."

Nilijibu haraka, kama vile namjibu mtu wa revision akiuliza kama iko na majibu nyuma. Akaitikia na kichwa. Akaniamini, kwa sababu mimi ndio nilikuwa nasomanga.

Mwisho wa huo mwaka shangazi yake alikuja kutoka Kakamega kumchukua, kuna shule nzuri karibu na kwake na chakula hakikosi. Nekesa akakataa. Alishika kitanda cha nyanya, akasema mama anajua hapa tu, akirudi atakuja hapa. Nyanya yake alinisimulia akipita kununua mboga ya jioni, anacheka kidogo. "Ati mama atakuja na viatu nyekundu. Sijui hiyo ametoa wapi." Nikasema, "Watoto." Hilo ndilo neno nilisema. Halafu nikampangia vitabu mteja.

Sisemi ni mimi nilimzuia mama yake kurudi. Alipiga simu, baadaye akapiga kidogo, halafu namba ikawa haiendi. Mpaka leo hakuna mtu anajua ako wapi. Lakini shangazi alirudi Kakamega na kiti tupu kando yake kwa basi, na Nekesa alikuja kuacha shule Form Two kama mimi, nyanya alipokuwa hawezi tena kufanya kazi. Sasa anasuka nywele pale Soweto West, ka-saluni ka mabati kenye pazia la maua. Nikipita ananiambia, "Niaje, Mwalimu." Namjibu poa. Hajawahi kuniuliza uko wapi.

Na wewe, Jumamosi iliyofuata, ulikuja na kalamu. Hakuna mtu alikutuma. Ulichukua kila fungu ya mwisho ukaandika juu rangi ya kava na jina la mtoto ako ndani ya hadithi. Ulifanya kutwa nzima. Mpaka leo miisho zangu hazichanganyiki, na mtu akinisifu vile nimepanga, nanyamaza. Baada ya hapo ukaacha kukalia gunia. Ukaniomba revision. Mama yako akasema umekuwa mtu wa maana, na ukapita mtihani, na kila mtu amefurahi, na mimi pia nilifurahi, kwa sababu ikikuwa imezaa kitu kizuri basi labda haikuwa kubwa sana. Hivyo ndio nilikuwa najiambia. Lakini nakuona. Ukiazimwa sufuria na jirani unaiangalia mara mbili mbili kabla ya kurudisha. Na njiani kutoka Toi hukunisimulia tena hadithi. Hiyo nilikosa, na sikuwa na haki ya kuuliza.

Baada ya Krismasi nilifungua bale mpya na hiyo kitabu ilikuwa ndani. Ile ile, ya kijani. Na iko nzima. Nikaingiza kwa jaketi kama mwizi wa duka langu mwenyewe. Nilichukua muda mrefu kuisoma. Nilikuwa na kamusi, nasoma wakati hakuna wateja, neno kwa neno, narudi nyuma. Fundi wa redio akaniuliza kama nataka kuokoka. Ndio kitabu ya kwanza nimesoma mpaka mwisho katika maisha yangu, na nimeuza vitabu kutoka uko darasa la kwanza.

Mama harudi, Mwende.

Kila jioni nyanya ya huyo msichana anamwita akule na yeye anasema ngoja kidogo. Kitabu yote ni hivyo, ngoja kidogo. Kwa sura ya mwisho nyanya anachoka kuita. Anatoka nje na chakula, anakaa chini hapo kwa geti, anaanza kula. Msichana anashuka. Wanakula wote wawili wakiangalia barabara na hawasemi kitu ya maana, wanasema chumvi imezidi. Halafu kukiwa giza nyanya hawezi kubeba sahani zote na kuinuka, kwa hivyo msichana anazibeba yeye, anaingia nazo ndani. Geti wanaiacha wazi. Imeisha hivyo.

Nilifunga nikauzia mtu atlasi.

Sijui hiyo ingemfanyia Nekesa nini wakati huo. Labda angeitupa. Labda angenirudishia aseme hii ni mbaya, mpee mtu mwingine. Lakini alikuwa na nyanya, na nyanya alikuwa anaita. Ilikuwa mwisho yake, na alikuwa ameiomba kwa maneno yake mwenyewe, na mimi nikampa viatu.

Kwa hivyo hiyo ndio jibu ya swali yako. Mtoto akikuuliza kama kitabu itaisha vizuri, sema hujui. Ama sema unajua na hutasema. Usimpatie mwisho yenye unadhani anataka. Na mtoto akikuja kuomba kitabu ya shida yake, usiitaje hiyo shida mbele ya wenzake. Mpe tu mbili, na hiyo iwe moja yao, achukue mwenyewe. Isome wewe kwanza. Utakuwa na watoto wengi na vitabu nyingi na hutaweza kusoma zote, najua, lakini ya mtoto anangoja, isome.

Na kabati, mwaitu. Sitakuambia ufanye nini na kabati, wewe ndio mwalimu wa ukweli. Nataka tu ukisimama mbele yake na funguo, ujue kwamba hukupoteza kitu. Vitabu zitapotea huko Mutomo. Zingine zitaenda kwa binamu, zingine mbuzi atakula. Ikipotea, haitakuwa ni wewe uko na mkono mbaya. Mkono wako uko sawa. Umekuwa sawa siku zote. Wangu ndio uliingia kwa katoni.

Nilidhani nikifika hapa nitasikia wepesi. Sijasikia. Pengine inakuja baadaye, pengine haikuji, na si lazima. Nasikia tu mkono umechoka na jogoo wa plot ya pili ameanza.

Barua nitaiweka chini ya chapati zako, utaipata basi ikishatoka mjini. Najua hiyo ni uoga. Ukitaka kunipigia, piga. Ukitaka kukaa kwanza bila kupiga, mama yako nitamwambia mimi mwenyewe kwa nini, asikusumbue.

Sasa hii ndio nitafanya. Nimenunua uzi na gundi, na miisho za vitabu zingine nimeanza kuzishonea mahali zilitoka, hiyo ni kazi ya polepole. Ya Nekesa haitangoja. Jumamosi hii, siku yenye Toi inajaa, saa nne nitafunga kibanda nishuke Soweto West mpaka kwa hiyo pazia la maua. Jumamosi anakuwanga na wamama wamekaa wakisukwa na wengine wakingoja, na ndio nimechagua hiyo siku, kwa sababu wewe nilikusema mbele ya watu. Nitasimama nimwambie wakisikia wote kwamba Mwende hakuguza karatasi zake, alikuwa na homa, ni mimi nilizitoa kwa njugu. Nitamwambia viatu nyekundu nilizitunga mimi. Halafu nitaweka kitabu ya kijani mahali mikono yake inafika, ikiwa nzima, na sitamwambia iliisha aje. Sitamuomba anisamehe, na sitamuomba akupigie. Akiniomba namba yako, nitampa.

Jumamosi hii, kabla ya saa sita mchana.

Baba yako.